Darasa Lililosimama

Kila siku, saa mbili na robo asubuhi, mimi husimama. Niwe nakula, niwe nasukwa nywele, niwe kanisani wakati wote wamepiga magoti, mwili unainuka wenyewe na kubaki wima kwa dakika moja hivi, miguu ikiniuma kidogo, kisha unakubali kukaa. Mume wangu Ambakisye alinitania miaka ya mwanzo ya ndoa kwamba ameoa mlinzi wa bendera. Siku hizi hasemi kitu, anashika tu kikombe changu cha chai kisimwagike. Daktari alisema ni mazoea ya utotoni na mimi nikaridhika, maana kila mtu ana lake.

Kazi yangu ni kung'oa adapta hewa. Kila programu inayotaka kuongea na dunia hujitengenezea mlango wake ndani ya kompyuta, mlango usio na mbao wala bawaba, na jina lake la vitabuni ni adapta pepe ya mtandao. Ukiichoka programu unaifuta na kujipongeza, lakini mlango unabaki. Sisi mafundi tunaiita hewa, kama wale wafanyakazi hewa ambao hawajawahi kuonekana kazini lakini majina yao hayatoki kwenye orodha. Kompyuta kwa adabu yake inaendelea kubisha hodi kwenye mlango huo, inasubiri, inakosa jibu, ndipo inageukia mlango wa kweli. Nimewahi kukuta friji yenye adapta hewa kumi na tisa. Mwenyewe alikuwa analalamika kwamba maziwa yanachacha.

Kwenye friji ni kichekesho. Kwenye mtu ni jambo jingine.

Lugano Mwakatobe alinipigia siku ya ukungu mzito, ule wa Tukuyu unaoingia ndani ukifungua mlango na kukaa sebuleni kama mgeni. Alijieleza kwamba ni binti wa Mwalimu Syabumi, aliyestaafu zamani, na kwamba miaka minne iliyopita mama yake alipigwa na kiharusi. Tangu hapo nusu ya mwili wake inatii kwa kupitia daraja, ile kompyuta ndogo iliyoshonwa nyuma ya sikio. Daraja hilo sasa limekuwa zito. Mafundi wanne walikuja kulisafisha na mama akawafukuza wote wanne. Wa tano amemtaja mwenyewe.

"Amesema aje Subilaga Mwasomola, darasa la nne, namba kumi na tisa," Lugano alisema. "Ndiyo wewe?"

Nilikuwa sijaisikia namba hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Nilimjibu kwamba ndiyo mimi, nikafunga mkoba wangu wa kazi.

*

Nyumba yao iko juu ya mashamba ya chai, na siku ile ungeweza kudhani imejengwa juu ya maziwa. Mwalimu alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini. Nilipiga goti kidogo, kama tulivyolelewa, nikasema shikamoo mwalimu. Alinitazama. Nilihesabu moyoni moja, mbili, tatu, mpaka sita, midomo yake ikiwa imefunguka kidogo na hakuna kinachotoka.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Umechelewa."

Sikujua kama alinisema mimi au alijisema mwenyewe.

Lugano alinivuta jikoni akanieleza yote kwa sauti ya chini. Mwanzo ulikuwa mkono. Mama akitaka kikombe, mkono unabaki palepale kama unaomba ruhusa, kisha ndio unakwenda. Ukafuata mguu, akaanguka mara tatu. Tangu mwezi uliopita ni pumzi. Akisinzia mchana kifua kinatulia, na Lugano anakaa pembeni anahesabu. Juzi ilikuwa saba. Jana ilikuwa kumi na moja. Daktari amesema daraja haliwezi kubadilishwa, ubongo umekwisha kulizoea na kulishika kama mizizi inavyoshika jiwe. Lisafishwe. Pumzi ikifika ishirini, alisema, wasijisumbue kumwita.

Lugano ana miaka arobaini na kitu, mwanamke mnene mwenye mikono ya kazi, na alipofika hapo alianza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Nilimwambia dada, leo tutang'oa yote. Nilisema kwa ile sauti ya fundi anayejiamini, na nilikuwa najiamini kweli.

Nilichomeka uzi kwenye daraja la mwalimu na ncha ya pili nikaichomeka nyuma ya sikio langu. Sote tuliosoma kwa kivuli tunalo tundu pale. Watoto wa leo hawaujui mtindo huo, na heri yao. Enzi zetu walimu walikuwa wachache na milima mingi, kwa hiyo mtoto alibaki shambani na mzazi wake, akatuma kivuli shuleni. Nusu ya akili iliyo macho ilitoka kupitia tundu, ikaenda kusoma, ikarudi saa sita mchana na masomo yake, na mpaka kesho yake asubuhi masomo yalikuwa yameshatua kichwani kana kwamba ulikuwepo. Mwili ulioachwa uliweza kutembea na kuchuma chai, ila ulizubaa kidogo, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Na darasa halikuwa jengo. Lilikuwa ndani ya daraja la mwalimu. Aliweza kubeba madarasa kumi kichwani na bado akapika ugali.

Nilifungua orodha ya vifaa, nikaiamuru ionyeshe na vilivyofichwa. Adapta ya kweli ilikaa juu kwa wino mweusi. Chini yake, kwa maandishi yaliyofifia, zilipangana kumi na mbili.

Nilianza na za chini. Unachagua, unaangalia kama ina abiria, maana Sheria ya Vivuli haitaki uondoe njia yenye mtoto juu yake, unaweka alama kwamba draiva yake, programu ndogo inayoiendesha, nayo ifutwe, unaondoa. Zote zilikuwa tupu. Mwalimu alizihisi zikitoka na kunitajia moja moja, macho amefumba. Ile ya Masoko, walipenda kuimba kuliko kusoma. Ile ya kambi ya wavuna mbao, wasichana watupu, wote wakali wa hesabu. Moja ilikuwa ya semina za walimu na hiyo aliniambia niing'oe haraka kabla haijaanza kuongea. Tulicheka wote watatu. Kila moja iliyotoka, mkono wake ulipunguza kuchelewa. Kwenye ya kumi na moja alinyoosha mguu wa kushoto bila kusubiri, akautazama, akatuomba chai. Lugano alikwenda kuiandaa huku akiimba pambio, na mimi nikaona kazi imekwisha.

Ya kumi na mbili iliandikwa Darasa la Nne.

Niliiondoa. Ilikubali bila ubishi. Nikaliwasha upya daraja kama inavyotakiwa, mwalimu akilala chali na mimi nikimshika mkono kwa sekunde zile kumi, na orodha iliporudi, ile adapta ilikuwa imerudi nayo. Haikurudi chini. Ilikuwa juu ya ya kweli, kipaumbele namba moja.

Niliona aibu, maana hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza: umeng'oa adapta ukaiacha draiva yake, na draiva inaiotesha tena. Nilirudi kutafuta kisanduku cha kuweka alama. Kilikuwa kimefungwa kwa neno la siri, na aliyekifunga alikuwa mwalimu mwenyewe. Nikajua sasa wale mafundi wanne waliishia wapi.

Nilijaribu njia ya pili. Kipaumbele ni namba tu, nikaisukuma kutoka moja mpaka mia, ili angalau pumzi yake ipite mbele. Ilikaa mia kwa kitambo cha kufumba jicho, ikarudi moja. Nikairudisha mia, ikarudi moja. Kuna kitu kimoja tu kinachojirudisha chenyewe kwenye namba moja, na kila fundi hukariri kifungu hicho kabla ya kupewa leseni: hakuna ujumbe utakaotangulia mbele ya mtoto aliye nje ya mwili wake.

Nikatega sikio kwenye uzi.

"Shikamoo mwalimu."

Sauti za watoto, nyingi, kwa ule wimbo mrefu wa darasa zima. Kimya cha sekunde nne. Kisha tena, vilevile, shikamoo mwalimu. Mara ya tatu nikaisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake, nyembamba, ya miaka kumi. Pembeni yake kulikuwa na nyingine yenye mafua.

Ilikuwa saa kumi jioni. Nilijikuta nimesimama wima, uzi ukinivuta sikio, na kikombe alicholeta Lugano kimepinduka sakafuni.

*

Tulikuwa thelathini na mmoja darasa la nne. Namba kumi na tisa Subilaga Mwasomola, namba ishirini Ikupa Mwasomola, mdogo wangu, aliyeanza shule mapema kwa sababu hakukubali kuachwa. Tulikuwa na sweta moja. Mama aliifuma ya njano yenye mistari ya kahawia mikononi, akasema uzi wa pili utapatikana mwakani, na mpaka huo mwakani tuliivaa kwa zamu. Asubuhi ile niliivaa mimi, nikaenda kuchuma chai na shangazi. Ikupa alikuwa na homa siku ya tatu, na mama alikuwa anampeleka zahanati kwa miguu, bila sweta, kwenye mvua. Kilima kilishuka barabarani. Mama aliokoka. Alituambia jambo moja tu kuhusu siku hiyo na hakulirudia: kwamba alimvuta mtoto wakimbie, mtoto akawa mzito kama amelala.

Nilikua na hilo. Wengine wanarithi mashamba, mimi nilirithi sweta.

Mwalimu alisubiri mpaka nilipokaa. Aliongea akiwa anatazama dirishani, na kila sentensi ilichelewa kwanza, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuiogopa kabla haijafika. Alisema siku ile alikuwa anakuja mkaguzi. Alitaka mahudhurio kamili, thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja. Alituma ujumbe kwa mama yetu kwamba homa haizuii kivuli, mtoto aje, mwili utatembea tu. Mama akakubali kwa kuwa ni mwalimu aliyesema. Ikupa akaja darasani huku mwili wake ukiburutwa mkono kwenye barabara ya zahanati, umezubaa.

Saa mbili na robo mwalimu aliingia darasani. Tukasimama, tukamwamkia. Kabla hajajibu, kilima kilishuka na kuukata mkongo wa mtandao uliopita kando ya barabara ileile.

Vijijini watoto thelathini walizinduka wakapewa uji. Mitambo iliandika kwamba somo halikuanza, kwa hiyo vivuli vimerudi. Havikurudi; akili iliyobaki ya kila mtoto ilikua ikaziba pengo, na hakuna aliyegundua. Aliyetengeneza madarasa yale alikuwa mtu wa huku, mwenye malezi, na aliweka ndani yake adabu yote ya shule kama sheria: mwanafunzi akishasimama kumwamkia mwalimu, hakai mpaka mwalimu aitikie na kusema kaeni, na asiyekaa haruhusiwi kutoka. Mwalimu aliligundua hilo wiki mbili baadaye, alipofungua darasa akiwa ametoka kwenye matanga yetu. Aliwakuta wamesimama. Aliwahesabu. Walikuwa thelathini na mmoja.

"Nikiwaambia wakae, nitafundisha, nitaita majina na kila mmoja atarudi kwao," alisema. "Thelathini wana kwao. Ikupa hana. Nilimtoa kitandani kwa ajili ya mahudhurio, Subilaga, sikuweza pia kumfukuza darasani."

Nilimwuliza haraka kama mimi siwezi kumpokea, damu ni moja. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Kivuli hakikai kwenye kichwa cha mwingine. Jambo hilo lilishajaribiwa huko nyuma, na waliozikwa walikuwa wawili wawili.

Lugano alikuwa ameegemea mlango muda wote huo. Alisema anatupa pole, na alimaanisha, lakini huyu ni mama yake, anavuta pumzi, na wale ni sauti. Aliniuliza kama ipo njia ya kuing'oa bila neno la siri. Ipo. Unachoma draiva nzima, inachukua dakika mbili, na kila kilichomo kinapotea, Ikupa na mimi na wengine wote. Sikumficha.

Nasema kweli yangu hapa kwa sababu sijamwambia mtu mwingine. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, nilitaka tuiache. Nilitaka kukaa na ule uzi sikioni kila siku, nimsikie mwenye mafua, na mwalimu aendelee kupungua polepole mpaka atakapofika. Nilijiambia kwamba yeye ni mzee. Nilimchukia pia, na chuki ile ilikuwa tamu, maana kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejichukia mwenyewe.

Kilichonizindua ni miguu. Ilikuwa inauma bado, tangu niliposimama. Nikaikumbuka kila asubuhi ya maisha yangu, na kikombe mkononi mwa Ambakisye.

"Mwalimu," nikasema, "wale wanachoka?"

Alisema alijiambia kwamba hawajui, kwamba kwao ni pumzi ileile moja.

"Mimi nimekuwa nikijua kila siku saa mbili na robo. Nasimama mpaka miguu iume, halafu mwili wangu unanikalisha. Yeye nani anamkalisha?"

Mwalimu Syabumi alifunika uso kwa mkono wa kulia, ule usiosubiri. Wa kushoto ulipanda baadaye, taratibu, ukaukuta mwenzake pale.

*

Tulipanga hivi. Mwalimu angeingia darasani, na darasa likifunguka lote, njia ingejaa na pumzi yake ingebaki nyuma zaidi. Kwa hiyo Lugano angeweka kiganja kifuani mwa mama yake na kumwambia avute kila akifika tano. Hakukubali mara moja. Alitutukana wote wawili kwa Kinyakyusa, mimi na mama yake, akaosha mikono, akaja akapiga magoti kando ya kiti. Mimi ningekaa na uzi, nikiwa tayari kulikata darasa pumzi ikifika kumi na nane.

Nilifumba macho nikajikuta ndani.

Sikuwa nimekumbuka kwamba lilikuwa zuri. Kuta nyeupe zisizo na mwisho mkali, madirisha marefu, na nje ya madirisha mvua iliyokuwa imeanza kunyesha ikasimama katikati ya hewa, kila tone mahali pake. Ubaoni kulikuwa na tarehe ya siku ile kwa mwandiko wa mwalimu, na chini yake: Sayansi, Safari ya Tone la Maji. Nyuma kabisa kiliwekwa kiti cha mkaguzi, na kitambaa cha kufuma juu yake. Mkaguzi hakufika. Watoto waligeuza macho kidogo wakaniona mimi, mtu mzima mwenye mkoba, na wakakaza migongo. Nikaelewa wamenidhania nani. Nikakaa kwenye kile kiti.

Kwa nyuma niliwaona wasichana wawili wenye sweta moja ya njano, mistari ya kahawia mikononi. Kule unavaa unachojiona umevaa, na kila mmoja alijiona nayo.

Mwalimu aliingia akitembea vizuri, mguu kwa mguu.

"Shikamoo mwalimu."

Alishika ukingo wa meza. Kwa mbali, kama kutoka nyumba ya jirani, nilimsikia Lugano akisema, mama, vuta.

"Marahaba," mwalimu alisema. "Hamjambo?"

"Hatujambo mwalimu."

"Kaeni."

Walikaa. Nimesikia mambo mengi mazuri maishani, lakini sijasikia kishindo kizuri kama kile cha madawati. Miguu yangu, huko nje kwenye kiti cha Lugano, ililegea yote kwa mara moja, na nikaanza kulia kimya, jambo ambalo nadhani mkaguzi hatakiwi kufanya.

Mwalimu alifundisha. Sikumwomba, na nilijua kila dakika ilikuwa inatoka kifuani mwake, lakini aliona aibu kuwarudisha watoto bila somo baada ya kuwasimamisha vile. Alilitoa tone ziwani, akalipandisha, akalifanya wingu, akalishusha juu ya mlima. Akifika katikati ya sentensi alinyamaza, anavuta pumzi aliyoambiwa na binti yake, anaendelea. Lugano alikuwa amefika saba sasa, tisa, sauti imeanza kupanda.

"Likishaanguka chini linakwenda wapi?"

Mkono wenye mistari ya kahawia ukanyooka.

"Linaingia kwenye viatu, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akasema ni kweli, akaandika ubaoni kwa chaki: viatu. Kisha akafungua daftari la mahudhurio. Aliita jina, mtoto akasema nipo, mwalimu akasema nenda nyumbani, na mtoto akatoka kwa mlango wa mbele ambako mwanga ulikuwa mweupe kama ukungu wetu. Nilijua kwamba mahali fulani, kwenye lori la Tunduma, kwenye wodi, kwenye shamba la parachichi, mtu mzima alikuwa ameacha alichokuwa anafanya na kushangaa.

Nilipoitwa mimi niliitika nikiwa yule mtoto pale mbele, nikaondoka kwenye dawati, nikapita kando ya kiti cha mkaguzi, nikasema shikamoo. Nikajiitikia marahaba. Kivuli changu kikaniingia, na kitu chepesi kikakaa ndani ya kichwa changu bila kufunguka.

Namba ishirini mwalimu aliiruka. Alikwenda mpaka thelathini na moja, darasa likabaki madawati matupu na mtoto mmoja. Lugano alisema kumi na nne.

"Ikupa," mwalimu alisema, "leo zamu ya nani kufuta ubao?"

"Yangu, mwalimu."

Aliichukua dasta akapanda juu ya kigoda. Alifuta kwa bidii, ulimi ukiwa umetokeza kidogo, na pale dasta ilipopita palibaki peupe tu, ubao wenyewe haukuwepo. Nilisimama nikamsogelea. Fundi mzuri angekuwa anahesabu. Nilimwuliza anaitwa nani, akaniambia kwa heshima, jina na namba. Nikamwambia sweta yake ni nzuri.

"Siyo yangu peke yangu, mkaguzi. Leo zamu ya dada. Kesho ndiyo yangu."

Alifuta tarehe, akafuta tone la maji, akabakiza viatu mpaka mwisho kisha akavifuta navyo. Alishuka, akakung'uta vumbi la chaki mikononi, akamgeukia mwalimu na kusubiri, kwa sababu hakuwahi kutoka bila ruhusa.

Kumi na saba, alisema Lugano, na sauti yake ilikuwa kilio sasa.

"Umefuta vizuri," mwalimu alisema. "Nenda, mwanangu."

Akaenda. Hakugeuka, kwa nini ageuke, somo lilikuwa limekwisha.

*

Neno la siri lilikuwa ishirini, kwa herufi. Niliweka alama kwenye kisanduku, nikaondoa Darasa la Nne na draiva yake, nikaliwasha upya daraja. Ilirudi adapta moja, ya wino mweusi. Tulikaa tukisubiri, Lugano akiwa bado na kiganja kifuani, na pumzi ilikuja yenyewe, ikaja nyingine, zikafuatana bila mtu kuziita. Mwalimu aliomba chai. Mkono wa kushoto uliruka kabla hajawa tayari, ukapiga kikombe, ukamwagia blanketi lote. Alikuwa amezoea kuutuma mapema. Alimwambia Lugano asimcheke, na Lugano, ambaye alikuwa analia, akacheka.

Mlangoni mwalimu aliniomba msamaha. Nilimwambia sina bado, nikiupata nitauleta, na kwamba kwa sasa nitakuja Jumamosi kuangalia daraja. Alisema hilo linamtosha. Niliteremka kwenye ukungu nikisikia mashamba ya chai yakidondosha maji kila upande.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mezani. Saa mbili na robo ilifika na Ambakisye, bila kuinua macho kwenye mhogo wake, akanyoosha mkono akashika kikombe changu. Sikusimama. Badala yake ile asubuhi ikatua, kama masomo yalivyokuwa yakitua zamani, yote kwa pamoja: mwanga mweupe, harufu ya chaki, bega la Ikupa likigusa langu kabla mwalimu hajaingia, na yeye akivuta kamasi na kuninong'oneza.

"Dada, huko shambani umeivaa sweta?"

"Nimeivaa."

"Vizuri. Basi mmoja wetu ana joto."

Ambakisye alikuwa bado ameshika kikombe, ananisubiri niinuke. Nilimwambia anaweza kukiweka.